Kigari Chenye Tarehe: Utangulizi wa Ufundi wa Kuunda Mifano Midogo ya Magari ya Mashindano ya Zamani

Tarehe 4 Septemba 1927, kwenye uwanja wa Monza karibu na Milano, dereva Pietro Bordino alishinda mbio za Milan Grand Prix akiwa na gari la Fiat 806. Lilikuwa gari la ajabu kwa wakati wake: injini ya silinda 12 zilizopangwa safu mbili sambamba, zote zikiwa na ujazo wa lita moja na nusu tu. Liliingia mashindanoni siku hiyo moja. Baada ya hapo uongozi wa Fiat uliamua kuachana na mbio za magari, ukaamuru kazi yote ile ivunjwe. Leo hakuna makumbusho yanayoweza kukuonyesha gari lenyewe lililoshinda siku ile. Lakini mtu anayetaka kujua silinda zile zilikaaje ndani ya bonneti anaweza kununua boksi la vipande vya plastiki kwa skeli ya 1/12, lililotolewa kwanza na kampuni ya Protar ya Italia na miaka mingi baadaye likatolewa upya na Italeri, akaliunda gari zima kwenye meza ya chakula.

Mwanzilishi wa Protar alikuwa Tarquinio Provini, bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki mwaka 1957 na tena 1958, ambaye ajali mbaya katika kisiwa cha Man mwaka 1966 ilimtoa mashindanoni. Alizijua mashine za mbio kwa mwili wake. Ninamtaja mapema kwa sababu watu wengi huudhani ufundi huu kuwa mchezo wa watoto uliorefushwa hadi utu uzima, na kwa kudhani hivyo wanajinyima njia nzuri mno ya kuisoma historia ya mashine. Karibu, msomaji. Kurasa hizi zimeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kushika kibano wala kufungua boksi la vipande, lakini akiona picha ya gari la mashindano la zamani hukaa akaitazama.

Dai langu kuu nitalisema wazi tangu sasa: kigari kilichoundwa vizuri kina tarehe. Hakiwakilishi aina ya gari kwa jumla. Kinawakilisha gari moja, mahali pamoja, saa moja.

Chukua Mercedes-Benz 300 SLR ya Stirling Moss na msoma ramani wake, Denis Jenkinson. Tarehe 1 Mei 1955 walishinda Mille Miglia, mbio za barabara za kawaida kutoka Brescia kwenda Roma na kurudi, karibu kilomita 1,600, wakitumia saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Namba 722 iliyoandikwa kwenye bodi ya gari ilikuwa saa yao ya kuondoka, yaani saa 1 na dakika 22 asubuhi kwa saa zetu. Fundi anayeamua kuunda 722 ya asubuhi ile anahitaji rangi safi ya fedha na namba zisizo na doa. Anayeamua kuunda 722 ya saa 11 na nusu jioni, gari linaporudi Brescia, ana kazi nyingine kabisa: pua iliyobonyea kwa kugonga marobota ya majani makavu njiani, rimu zilizochafuka, mafuta na vumbi la nchi nzima. Gari linalohifadhiwa leo na Mercedes-Benz mjini Stuttgart ni hali ya tatu, nalo limepitia mikono ya wahifadhi. Zote tatu ni halali. Kisichofaa ni kuzichanganya, rimu za asubuhi na pua ya jioni, kwa sababu hapo umeunda gari ambalo halikuwepo duniani hata dakika moja.

Kuhusu umri, wenye ufundi huu hawakubaliani. Klabu ya Waingereza ya Vintage Sports-Car Club, iliyoanzishwa mwaka 1934, ina mipaka mikali: gari lao la kale kamili ni lililotengenezwa kabla ya mwaka 1931 kuanza. Mimi nimeipanua mipaka hiyo hadi miaka ya 1970, na sababu yake itaonekana tukifika Afrika Mashariki.

Tuzungumzie skeli, maana hapa ndipo akili ya ufundi huu ilipo. Skeli zinazotumika zaidi zilizaliwa kwa bahati za kihistoria. Ile ya 1/43 imetokana na treni za kuchezea za Uingereza, ambako futi moja ya treni halisi ilipunguzwa kuwa milimita 7, na magari yaliyoundwa kusimama kando ya reli hizo yakafuata kipimo hicho. Ile ya 1/24 ni nusu inchi kwa futi, na 1/12 ni inchi moja kwa futi. Vipimo vya Kiingereza vinaendelea kutawala meza za mafundi wa Japani na Italia ambao kazi zao nyingine zote hufanywa kwa milimita.

Hesabu yake ni nyepesi lakini matokeo yake yanashangaza. Gari la urefu wa mita 4.3, kama ile 300 SLR, kwa 1/43 linakuwa sentimita 10 kamili, yaani linakaa kiganjani. Urefu ukigawanywa kwa 24, ujazo unagawanywa kwa 24 mara tatu, na hiyo ni 13,824. Gari la kilo 1,000 likipunguzwa hivyo bila kubadilisha madini yake lingekuwa na gramu 72 tu. Ndiyo maana kigari kinachoonekana sahihi kabisa kwa macho bado kinaweza kuonekana chepesi kinapokaa mezani: matairi yake hayabonyei chini ya uzito. Fundi hodari huyasugua kidogo kwa msasa sehemu inayogusa ardhi, yakawa bapa kwa nusu milimita, na ghafla gari linatulia.

Kuna vitu vinavyokataa kupunguzwa. Rangi ni kimojawapo. Ukipiga rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita juu ya kigari cha 1/24, ni sawa na gari halisi lililopakwa rangi nene ya milimita 2.4, na mistari ya milango inaanza kuzibika. Kwa hiyo rangi huchanganywa na tina hadi iwe nyepesi kama maziwa, ikapulizwa mara nyingi kwa tabaka jembamba. Spoki ni kingine. Rimu ya Borrani ina spoki 72 za chuma, na ukiipunguza kwa 24 kila spoki inakuwa nyembamba kuliko kitu chochote ambacho plastiki inaweza kumiminwa ikatoka salama kwenye kalibu. Watengenezaji wa zamani walitatua tatizo hilo kwa kunenepesha spoki na kupunguza idadi, na macho yetu yaligundua bila kujua sababu. Leo spoki hutengenezwa kwa bamba jembamba la shaba au chuma cha pua lililokatwa kwa kemikali, au fundi huzifuma mwenyewe, waya mmoja mmoja. Ukiona kigari chenye rimu za kufumwa kwa mkono, mheshimu aliyekiunda kabla hujauliza bei.

Rangi yenyewe, hata ikiwa imechukuliwa kutoka kwenye gari halisi, huonekana nzito zaidi juu ya kitu kidogo. Mafundi wengi huichanganya na nyeupe kidogo. Kiasi gani? Hapo hakuna kanuni inayoniridhisha. Jicho ndilo mwamuzi, nalo hufundishwa kwa kutazama magari nje, juani, kutoka umbali wa mita ishirini au thelathini, kwa kuwa huo ndio umbali ambao kigari kilichoko mezani hukufanya uamini umesimama.

Juu ya vifaa nitapita haraka. Plastiki ya kumiminwa ndiyo rahisi na ndiyo njia bora ya kuanzia. Kampuni za Marekani na Uingereza, Revell, Monogram, AMT na Airfix, ziliisambaza kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili. Airfix walitoa Bentley ya lita nne na nusu kwa skeli ya 1/12 mwaka 1971, na mpaka leo wapo wanaojifunzia hiyo. Rezini humiminwa kwenye kalibu za mpira na mafundi wadogo wanaotoa nakala chache. Metali nyeupe, mchanganyiko laini wa bati na madini mengine, ilitawala skeli ya 1/43 tangu miaka ya 1970. Kampuni ya Kijapani ya Model Factory Hiro huchanganya vifaa hivi vyote katika boksi moja, na kazi yake ni ngumu kiasi kwamba simshauri mtu aanze nayo.

Nisimame kidogo kwa Tamiya wa Shizuoka. Walianza mwaka 1946 kama kampuni ya mbao, wakaingia kwenye mifano ya mbao, na moto wa mwaka 1951 uliwateketezea ghala. Baadaye wakahamia plastiki. Walipotaka kuunda Porsche ya mashindano kwa skeli ya 1/12 katikati ya miaka ya 1970, Shunsaku Tamiya aliagiza kampuni inunue Porsche 911 halisi, ikafunguliwa kipande kwa kipande ili kila kitu kipimwe. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo kikuu cha kitaaluma katika historia ya ufundi huu. Waliliuliza gari lenyewe, wakaacha kutegemea michoro ya matangazo.

Lakini gari la zamani mara nyingi haliulizwi, maana halipo, au lipo lakini limeundwa upya mara tatu. Hapo ushahidi unabaki kuwa picha, na picha zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Filamu za miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hazikuhisi mwanga mwekundu vizuri. Gari jekundu la Italia linatokea karibu jeusi, na la buluu la Ufaransa linatokea jeupe. Mtu asiyejua jambo hilo ataitazama picha ya mwaka 1907, ambapo Felice Nazzaro anashinda Grand Prix ya Ufaransa akiwa na Fiat, na atabishana na wenzake bure kuhusu wekundu wa gari lile. Rangi za mataifa zenyewe zilianzia katika mashindano ya Gordon Bennett tangu mwaka 1900: buluu kwa Ufaransa, nyeupe kwa Ujerumani. Kijani cha Waingereza kiliimarika mwaka 1903, mbio zilipofanyika Ireland kwa kuwa sheria ya Uingereza haikuruhusu mashindano kwenye barabara za umma.

Mfano bora wa hatari ya ushahidi ni hadithi ya mishale ya fedha, yaani magari ya mashindano ya Mercedes-Benz ya rangi ya fedha. Alfred Neubauer, meneja wa timu ya Mercedes-Benz, alisimulia kwamba usiku wa kuamkia mbio za Eifel mwaka 1934, huko Nürburgring, gari la W25 lilizidi kilo moja juu ya kikomo cha kilo 750, basi mafundi wakakwangua rangi nyeupe usiku kucha na asubuhi gari likatoka na rangi ya alumini. Ni hadithi tamu. Manfred von Brauchitsch kweli alishinda mbio zile. Lakini wanahistoria wameonyesha kwamba mbio za Eifel mwaka huo hazikufuata kanuni ya kilo 750, na kwamba von Brauchitsch huyohuyo alikuwa amekwisha kuendesha Mercedes ya rangi ya fedha kwenye uwanja wa Avus mwaka 1932. Kwa msomaji wa kawaida huo ni mjadala wa vitabuni. Kwa fundi aliyeshika bunduki ya rangi ni uamuzi: je, fedha hii ni alumini tupu iliyokwanguliwa, yenye mikwaruzo, au ni rangi ya fedha iliyopulizwa ikalainishwa? Hawezi kuandika "inasemekana" juu ya bodi ya gari. Lazima achague, na uchaguzi wake utaonekana na kila mtu. Mimi napuliza rangi ya fedha.

Sasa tufike nyumbani. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya kuvuka Kenya, Uganda na Tanganyika yaliyokuja kuitwa East African Safari. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakawa saba tena. Peugeot 404 ilishinda miaka yote hiyo miwili, na katikati yake, 1966 na 1967, ikashinda mikononi mwa Bert Shankland kutoka Tanzania. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 na Volvo PV544, akarudi kushinda 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano. Magari haya ni ya zamani sasa, na ulimwengu wa mafundi unayapenda sana. Hasegawa wa Japani wametoa kwa skeli ya 1/24 boksi la Datsun 240Z nyekundu yenye bonneti nyeusi, iliyoshinda Pasaka ya mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schuller. Gari halisi limo katika hifadhi ya Nissan huko Zama, na lilikarabatiwa mwaka 2013.

Fikiria fundi wa Osaka au wa Lyon anayetaka kuunda 240Z hiyo ikiwa imemaliza safari. Ana vipimo vyote. Hajui matope yake ni ya rangi gani. Mara nyingi atapuliza kahawia moja gari zima, kuanzia madigadi hadi paa, na kazi yake itaishia hapo. Msomaji aliyepita Taru, kati ya Voi na Mombasa, anajua vumbi jekundu linalopenya hadi kwenye mkoba uliofungwa. Aliyekwama katika udongo mweusi wa mbuga anajua jinsi unavyojikusanya ndani ya madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na jinsi unavyogeuka kijivu ukikauka. Gari lililomaliza Safari lilibeba tabaka: jekundu chini ya jeusi, au jeusi chini ya jekundu, kulingana na njia ilikopita kwanza na mahali mvua ilipolikuta. Mtu anayeijua njia ya mwaka fulani anaweza kuyasoma matope kwa mpangilio wake. Hapo tuna elimu ambayo haimo ndani ya boksi lolote.

Hata hivyo usichukue udongo wenyewe ukaupaka. Chembe ya mchanga yenye nusu milimita, juu ya kigari cha 1/24, ni kokoto ya milimita 12, na gari litaonekana limemwagiwa changarawe. Weka udongo wa Taru kwenye kikopo kando ya meza uwe kielelezo cha rangi, kisha utafute rangi hiyo kwa unga laini wa chaki na rangi za maji. Acha kioo cha mbele kiwe safi pale waipa ilipopita. Acha alama za mikono karibu na mfuniko wa tangi, kwa kuwa wapo watu waliolijaza mafuta lile gari usiku wa manane.

Utaniuliza kuhusu gharama. Maboksi ya Japani ni ghali kwetu, na usafirishaji huongeza. Lakini Mwingereza Gerald Wingrove, anayehesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa ufundi huu, aliunda kazi zake kwa kutengeneza vipande mwenyewe kutoka metali tupu. Na ujuzi unaohitajika umejaa mitaani kwetu. Fundi wa bodi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, anajua kujaza puti, kusugua kwa msasa wa maji, kupiga praima na kusubiri; mwenye kujifunza kwake kwa wiki moja atafundishwa mambo ambayo vitabu vya Ulaya huyaeleza kwa sura nzima. Watoto wanaounda magari ya waya yenye magurudumu ya ndala wamekwisha kuelewa jambo gumu kuliko yote, yaani uwiano: wanaacha vioo, wanaacha milango, na bado unatambua kwamba lile ni Land Rover na hili ni basi. Mkebe wa soda hutoa bamba la alumini linalokatika kwa mkasi. Waya wa simu una shaba nyembamba ya kutengenezea mabomba ya mafuta. Kwa kuanza, chagua gari moja, tafuta picha zake zisizopungua kumi za siku moja, chora umbo lake kwa ukubwa wa skeli uliyoichagua, na usiguse gundi hadi uweze kuuchora ubavu wake bila kutazama picha.

Tahadhari chache zina uzito. Vumbi la rezini na tina inayopulizwa huharibu mapafu, kwa hiyo vaa barakoa na fungua madirisha. Metali nyeupe ya zamani inaweza kuwa na risasi ndani yake. Nawa mikono kabla ya kula, na usiwaachie watoto wadogo vipande hivyo.

Nina ombi moja kwa wasomaji wa Kenya, Uganda na Tanzania. Ndani ya masanduku ya familia zetu zimo picha za Safari ambazo hakuna mtengenezaji wa Japani amewahi kuziona: gari limesimama kwenye kituo cha mafuta, baba au babu amelala chini ya chesisi, watoto wamezunguka, madigadi yamejaa matope. Kama unazo, zitoe kwenye albamu ya nailoni inayozigandisha. Waulize wazee wangali hai, kisha uandike nyuma ya kila picha, kwa penseli, jina la mahali, mwaka, na ikiwezekana siku na rangi ya gari. Zipigie nakala, halafu umwonyeshe fundi yeyote anayeziomba.